Viatu Karibu na Mkono

Ndugu zangu, bapapa na bamaman, jambo yenu. Muniache nisimame. Kiongozi wetu ameniwekea kiti na ninamushukuru, lakini mimi nikikaa ninaanza kupamba maneno. Nikisimama miguu inachoka, basi ninasema kweli upesi.

Munanijua. Batoto wa Kamembe bakiniona njiani na mkeka kwapani banaita "Maman Yoga!", kisha banasimama na mguu mmoja mpaka banaanguka. Haina shida, bache. Mimi ni fundi wa kushona, na kila Jumamosi saa tisa ya mchana ninafundisha yoga katika ule ukumbi wa kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Hapa kwetu, kwenye kikundi hiki, tunasemaka kila muntu alete anguko lake na asitaje jina la muntu. Leo ni zamu yangu. Anguko langu ni hili: kuna maman mmoja alikuja kwangu kutafuta usingizi, na mimi nikamufukuzia hata ule kidogo alikuwa nao.

Nianze mwanzo, musinikate.

Nilizaliwa Bukavu, kwa wazazi Banyarwanda. Nilikulia kule, nikajifunza kushona kule, na kule njo shingo yangu iliharibika. Miaka kumi na mbili juu ya mashini, kichwa chini, mguu unapiga. Siku moja mkono wa kuume ukakataa kupanda. Kuanika nguo, mpaka niite jirani. Kuchana nywele, mpaka niite dada yangu. Nilikuwa bado kijana na nilikuwa ninavalishwa blauzi kama mutoto wa shule.

Hospitalini kulikuwa na maman mmoja wa kunyoosha viungo, tulimuita kine. Aliniangalia, akaniambia shingo yangu ni nzima, ila imesahau kazi yake. Alijua yoga, na jioni alifundisha bagonjwa wake kwenye chumba chenye sakafu ya vigae. Nilimufuata. Mwaka ukapita, mkono ukapanda. Nikamufuata miaka miwili tena, mpaka akanikubalia kufundisha. Alinipa onyo moja: "Usifundishe upesi. Kwanza uzoee mwenyewe." Nilisema ndiyo. Sikusikia hata nusu.

Lakini mazoezi yangu ya nyumbani niliyashika. Hapo siwadanganye. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji, ninatandika mkeka juu ya simenti, kati ya mashini na kitanda cha batoto. Ninapumua. Ninainua mikono, ninageuka kuume, ninageuka kushoto, ninapiga magoti, ninanyoosha mgongo. Batoto banapita juu yangu bakitafuta soksi. Sahani inaanguka. Hakuna muziki, hakuna mushumaa, bamaman munajua nyumba zetu. Na nikimaliza zoezi la mwisho, ninaruka, ninakamata bidon ya maji, ninakwenda. Mulikamate hili neno, nitalirudilia: nilikuwa ninaruka.

Tuliporudi huku Rusizi, kwenye nchi ya wazazi, nikafungua atelie yangu ya kushona Kamembe, na baadaye nikaomba ule ukumbi. Balikuja bamaman nane. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniuliza kama ni kweli tunaabudu jua. Nilimuambia, "Mzee, tunafunga mapazia sababu jua linatuchoma. Tutaliabudu namna gani?" Alicheka. Jumamosi iliyofuata alimuleta bibi yake.

Nilikuwa mwalimu mukali. Nilitembea kati ya mikeka na mikono nyuma. Mgongo wenye haukushuka, niliusukuma mimi mwenyewe. Viatu vyote mlangoni, mstari mmoja, na muntu akichelewa alibaki nje. Sikuuliza muntu kitu. Nilifikiri njo ualimu.

Sasa, ule maman. Alikuwa anatoka Gitambi. Ni mulimaji, na Jumamosi alileta maparachichi kwenye soko ya Kamembe, akimaliza anakuja kwetu na kikapu tupu. Umri wake ni kama wa mama yangu mudogo. Muchekaji, na bamaman bote balimupenda. Siku ya kwanza aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, miye usingizi ulinikimbia kitambo. Daktari anasema presha inapanda sababu silalake. Kama uko na dawa yake, unifundishe."

Nilimufundisha kupumua. Wiki ya tano alikuja anacheka toka mlangoni. "Jana nililala mpaka jogoo," alisema, na bamaman bakamupigia makofi. Mimi nilivimba kichwa. Nilikwenda nyumbani ninajiambia, sasa mimi ni mwalimu kamili, sasa niwape kila kitu.

Njo pale nilianguka.

Kule Bukavu tulikuwa tunamaliza somo kwa kulala chali, tumetulia kabisa, na kine alitufunika na shuka sababu vigae vilikuwa baridi. Huku nilikuwa sijaileta bado, tulimaliza tu kwa kukaa na kupumua. Jumamosi ile nikabeba vikwembe, nguo za kujifunga, kutoka atelie. Nilikuwa nimebaambia bamaman kila mumoja alete mkeka wa kwao, na bote balileta mikeka ya majani, ile tunaita umusambi. Tukafanya mazoezi, yakaenda vizuri. Mwisho nikasema kwa sauti yangu ya ualimu, "Mulale chali. Mikono kando. Musitikisike. Huu mkao unaitwa mkao wa maiti. Muwe kama bantu benye bamekufa."

Halafu nikapita kufunika. Nzi zilikuwa nyingi siku ile, zilitoka sokoni. Nilifunika toka miguu mpaka kichwa, na uso vilevile. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa ine. Wa tano alikuwa ule maman wa Gitambi.

Nilifunika uso wake, nikageuka kukamata kikwembe kingine. Nikasikia majani ya mkeka yanalia nyuma yangu. Alikuwa amekaa. Hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia bamaman bane kando yake, bamelala kwenye umusambi, bamefunikwa, mstari mmoja. Akasimama, akapita mlangoni, akatoka na miguu tupu. Mimi nilifikiri anakwenda choo. Nawaambia kweli, nilifikiri anakwenda choo, na nikaendelea kufunika.

Kambambili zake zilibaki mlangoni. Za bluu, moja kamba yake imefungwa na waya.

Ndugu zangu, sihitaji kuwaelezea. Ninaona bamoja kati yenu mumeangalia chini. Mimi nililelewa ng'ambo. Mauaji yaliyopita hapa niliyajua namna muntu anajua habari: nilisikia, nililia, na sisi tulipoteza bantu. Lakini sikuwa nayo kwenye mwili. Muntu wa umri ule, hapa, kwenye umusambi, nikamuambia awe kama maiti, na nikamufunika uso. Mutoto wa hapa asingefanya ile kosa. Ilihitaji muntu kama mimi, mwenye anajifanya anajua.

Jumamosi iliyofuata balikuja batatu. Iliyofuata alikuja mumoja, na alikuja sababu alisahau mwavuli. Habari ilitembea sokoni: ule maman wa yoga anafunika bantu bazima. Na nikasikia vilevile kama ule maman wa Gitambi ameacha kuja soko. Maparachichi yake yanaletwa na jirani. Halali tena. Presha imerudi, na ya sasa inapita ile ya zamani.

Je, nilikwenda kumuomba musamaha? Hapana. Nilikasirika. Nilisema bantu ba huku ni bagumu, habaelewi kitu, nimebaletea kitu kizuri na bamekitupa. Nilisema maneno hayo nikikata kitambaa, makasi yanalia, na hakuna muntu alikuwa ananiuliza. Aibu ikikufika na hautaki kuiona, inakuwa hasira. Muniamini, mimi nilikaa nayo miezi minane.

Nilirudisha ufunguo wa ukumbi. Mkeka wangu niliukunja nikautupa juu ya kabati. Nikaacha hata mazoezi yangu ya asubuhi, kama vile ninamukomesha muntu, na muntu mwenyewe ni mimi. Shingo haikuchelewa. Mwezi wa tatu ilianza kulia. Mwezi wa tano mkono wa kuume ukafika kwenye bega na ukakataa kuendelea. Nilikuwa ninamuita binti yangu kuanika nguo. Nilikuwa ninabafokea bateja, nikaharibu nguo ya harusi ya muntu, mabega yote mawili yalikuwa ya upande mumoja. Munacheka. Bibi harusi hakucheka.

Na kambambili za ule maman nilikuwa nimezibeba kutoka ukumbi, ziko chini ya meza yangu ya kukatia. Kila nikifagia nilizisukuma na ufagio, zikaenda mpaka kwenye ukuta. Nilijua ziko pale, na nilifagia kwa kuzunguka.

Asubuhi moja binti yangu alirudi kuteka maji, na ninaona miguuni kambambili za bluu. Nilimufokea avue. Nilimufokea mpaka mutoto alilia, na hakuelewa kwa nini. Akavua, akazishika mkononi, akaniuliza, "Maman, kama ni za muntu, mbona haumupelekee?"

Mutoto wa miaka kumi. Nikakamata sabuni, nikaziosha zile kambambili, nikabadilisha ule waya, nikashona kamba vizuri na uzi wa ngozi. Nikapanda pikipiki ya Gitambi.

Nilimukuta kwenye shamba lake la maharagi, amevaa buti, jembe mkononi. Amekonda. Aliniona toka mbali, akaendelea kulima mpaka nikafika karibu. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, mengi na mazuri. Yote yakapotea. Nikanyoosha tu mkono na kambambili.

Akaziangalia. Akasema, "Nilinunuaka zingine."

Kisha akaangalia ile kamba nimeshona, akaipima na kidole. "Weye unajua kushona," akasema, "kuliko kufundisha."

Nilimuambia, "Ni kweli, maman. Nimekuja kuomba musamaha. Nilichelewa."

"Ulichelewa sana," akasema. Akaweka jembe, tukaenda kukaa kwake.

Yale aliniambia pale uani ni yake. Nimeyaacha Gitambi, siyaleti hapa. Nitasema moja tu, lenye linanihusu. Alisema, "Haikuwa kulala. Miye ninaweza kulala chini. Ni ile kikwembe kwenye uso, na weye umesimama, unatembea juu yetu, na viatu vyangu viko mbali."

Kisha akaniuliza swali. "Weye mwenyewe, kule kwako, unamalizaka namna gani? Unajifunika?"

Bamaman, nilitaka kudanganya. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini alikuwa ananiangalia, na mimi nilichoka. Nilimuambia, "Simalizake. Nikifika pale, ninaruka, ninakwenda kuteka maji."

"Haujawahi kulala vile hata siku moja?"

"Kule Bukavu, kwa mwalimu wangu nilimuzoea. Toka nifike huku, hapana. Na uso hakunifunikaka."

Akaingia nyumbani, akatoka na umusambi, akautandika pale pale uani, saa ine ya asubuhi, kuku zinatembea. Akavua kikwembe chake cha juu. "Lala," akasema.

Nikalala. Akaniambia nivue viatu, nikavua, akavibeba akaviweka kule kwenye mti wa kahawa. Akanifunika toka miguu mpaka kichwa. Halafu akasimama. Nilijua amesimama sababu nilisikia pumzi yake iko juu yangu. Akaanza kutembea polepole kunizunguka, namna nilikuwa ninatembea. Sikuona kitu, nguo inaingia mdomoni nikivuta pumzi. Hatua zikaenda nyuma ya kichwa changu, zikasimama pale. Nilijua ni maman muzuri, nilijua tuko Gitambi mchana. Mwili wangu haukutaka kujua. Sijue kama nilimaliza dakika mbili. Nilitupa ile kikwembe na nikakaa, ninalia.

Hakunicheka. Alikaa kando yangu kwenye mkeka, akaniambia kwa Kinyarwanda, "Humura." Usiogope. Yeye njo ananiambia mimi.

Baadaye akasema, na sauti ilikuwa ile ya siku ya kwanza, "Bon. Sasa unitafutie namna ingine. Ile ya kupumua ilinisaidiaka."

Basi tukatafuta, sisi babili, pale uani. Hakuna kitabu. Akajaribu kukaa na mgongo kwenye ukuta: akasema hapana, shingo inachoka. Akajaribu chali na magoti juu: hapana. Mwisho akalala kwa upande, magoti yamekunjwa, mkono mumoja chini ya kichwa, uso kwenye njia. Akasema, "Hivi njo nilikuwa ninalala nikinyonyesha." Akaniambia nilete kambambili. Nikaziweka karibu na mkono wake. Akazigusa. Akapumua, macho wazi, anaangalia njia, na mimi nilikaa chini kwenye udongo, mbele yake, pale anaweza kuniona. Sikusimama.

Kurudi Kamembe nilishusha mkeka wangu kutoka juu ya kabati. Nilijipa mwezi muzima kabla ya kumuita muntu. Kila asubuhi mazoezi yangu, na mwisho ninalala kwa upande kama maman mwenye kunyonyesha, mlango wazi. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Nilikuwa ninafikiria bidon tu, foleni ya maji, moto wa chai. Nilitaka kuruka. Nilijikaza nikabaki, dakika moja, mbili, tano. Binti yangu aliniuliza kama ninaumwa. Na mkono, pole pole, ukaanza kupanda.

Nikaomba ufunguo wa ukumbi tena. Ule maman alikuja, na alileta majirani babili. Niliposimama mbele yao niliogopa, na nilibaambia kama ninaogopa. Nikabaambia sheria mpya, ni chache. Sitagusa mgongo wa muntu kabla ya kumuuliza. Mlango unabaki wazi. Uso wa muntu haufunikwi. Kitu chenye sijafanya mwenyewe mwezi muzima, sikifundishe. Na viatu havibaki mlangoni: kila muntu anaingia navyo, anaviweka kwenye mkeka karibu na mkono, na mwenye anataka kutoka anatoka, hatumuulizi kitu.

Mulinzi wa ukumbi alilalamika juu ya udongo. Nilimuambia nitafagia mwenyewe, na ninafagia mpaka leo.

Jumamosi ya sita, tumefika mwisho, bote bamelala kwa upande, mimi nimekaa chini. Ninasikia sauti. Ni ule maman, anakoroma. Siyo kidogo, ni kukoroma kwa muntu mwenye amelima. Bamaman bengine bakafungua macho, bakaniangalia. Niliweka kidole kwenye mdomo. Saa ya somo ikaisha. Hakuna mwenye aliamuka. Mulinzi akaja na funguo zake kufunga, akasimama mlangoni, akaona, akazifunga funguo kwenye mkono zisilie. Akakaa kwenye ngazi. Yeye mwenye alilalamika juu ya udongo.

Tulimungojea. Nilihesabu pumzi zake, sikuwa na kazi ingine ulimwenguni. Mwishowe akafungua macho, na mkono wake ukaenda kwanza kwenye kambambili, ukazikuta. Akatuangalia bote.

"Mulikuwa munaningojea miye?" akauliza. Tukasema ndiyo. Akavaa, akajinyoosha, akasema, "Haya, muniache nipite, leo kikapu changu nilikiacha sokoni."

Kwa hiyo ninashukuru. Ninamushukuru Mungu mwenye alinipa shingo mbili, ile ya kuharibika na ile ya kupona. Ninamushukuru kine wa Bukavu. Onyo lake lilifika, ila lilichelewa njiani. Ninamushukuru binti yangu na swali lake. Ninamushukuru mulinzi. Na ninamushukuru ule maman, mwenye alikuwa na haki ya kunifukuza na jembe, na akanitandikia mkeka.

Neno langu kwenu ni fupi. Kama ulimuumiza muntu na kitu chake kimebaki kwako, usikizungukie na ufagio. Kipeleke, hata kama umechelewa, hata kama maneno yatakukimbia njiani. Na weye mwenye unafundisha, mutoto, darasa, kanisa, lala kwanza pale unabalaza bengine.

Mkono huu, muuangalie. Unapanda mpaka juu kabisa. Sitaushusha tena kwa aibu.

Jumamosi saa tisa tuko pale, mlango wazi. Mukuje. Viatu, muingie navyo.